Mistari Sita ya Jumapili

Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana tulikuwa tunasema uongo, wavulana mia mbili na kumi kwa pamoja, chini ya usimamizi wa mwalimu.

Uongo wenyewe uliandikwa ubaoni, mistari sita. Wazazi wapendwa, salamu nyingi. Mimi ni mzima wa afya. Masomo yanaendelea vizuri. Chakula kinatosha. Msiwe na wasiwasi juu yangu. Ni mimi mtoto wenu mtiifu. Chini yake unaweka jina. Tarehe huweki, maana tarehe nayo ilikuwa siri ya vita. Tukifika kwenye "chakula kinatosha" lazima tumbo la mtu lingurume, darasa licheke, na mwalimu agonge meza kwa rula huku na yeye anaficha kicheko. Maharage ya siku hizo yalikuwa ya kuhesabika, na mchuzi ulikuwa mwepesi hadi unaona uso wako ndani yake.

Aliyetuponza ni mjinga mmoja wa kidato cha kwanza. Mwanzoni mwa vita alimwandikia kaka yake kwamba amehesabu malori arobaini na mawili ya jeshi yakipita mbele ya geti letu. Barua zilikuwa zinafunguliwa njiani na wanajeshi, basi gunia zima la shule likarudishwa, pamoja na onyo. Tangu hapo mkuu wa shule akaamua barua iwe moja kwa wote, ya kunakili ubaoni.

Kazi hiyo alipewa mwalimu wa historia. Tulimwita Kifutio, kwa sababu alikuwa na tabia ya kufuta ubao kabla hujamaliza kuandika. Sasa alifundisha historia, hesabu na jiografia, maana wenzake walikuwa wamechukuliwa jeshini. Wanawe wawili nao walikuwa huko. Mimi nilikuwa nakusanya barua za bweni la tatu na kumpelekea, ndiyo maana wenzangu waliniita Karani. Kifutio hakuwa anazisoma. Alihesabu mistari, ikifika sita anapiga muhuri.

Kitanda cha pili kutoka changu alilala Shoto. Alitumia mkono wa kushoto kwa kila kitu, na wino ulikuwa adui yake: akiandika mstari, kiganja kinaufuta kinapopita. Herufi zake zote zililala kwa nyuma. Jumapili kwake ilikuwa adhabu, maana aliyechelewa kumaliza alikosa mpira, na yeye ndiye alikuwa golikipa wetu. Siku moja ya mvua akapata akili. Alikaa kitandani akaandika barua kumi kwa mpigo, zote sawasawa, akanikabidhi.

"Kila wiki unachomeka moja," akasema. "Mimi niko golini."

"Na mama yako je?"

"Mama hajui kusoma. Jirani ndiye anamsomea. Yeye anaangalia tu herufi zangu zilivyolala, anaridhika, anaiweka kwenye kopo."

Nilicheka. Nilimwona mjanja kupita sisi wote, na nikakubali bila kufikiri mara mbili. Wiki tatu mambo yalikwenda vizuri kabisa. Shoto alidaka mipira, mama yake alipata barua, Kifutio alihesabu mistari yake.

Kisha bomba la maji likakatwa na tukaanza kunywa maji ya kisima cha zamani, nyuma ya handaki tulilochimba wenyewe saa za michezo. Haikupita wiki, homa ya matumbo ikaingia bwenini. Shoto alianguka wa tano. Walimpeleka kwenye chumba cha wagonjwa, ambacho kabla ya vita kilikuwa maktaba, na vitanda vilikuwa vimepangwa katikati ya makabati ya vitabu.

Hapa ndipo penye aibu yangu. Jumapili ile Shoto akiwa hajitambui kwa homa, mimi nilichomeka barua yake ya nne. Mimi ni mzima wa afya. Jumapili iliyofuata nikachomeka ya tano, na iliyofuata ya sita. Nilijiambia nikiacha, Kifutio atagundua mchezo wetu, tutachapwa wote wawili. Ukweli ni kwamba nilikuwa mwoga, na uoga ukishapata kisingizio hukaa kama mgeni asiye na safari.

Jioni ya siku ile ya barua ya sita nilikwenda kumwona. Alikuwa amebaki mifupa. Muuguzi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kukaripia, alikuwa amekaa chini kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Dawa ameshapata," akaniambia. "Kinachotakiwa sasa ni mtu wa kukaa naye. Kijiko cha uji, subiri, kijiko kingine, mchana kutwa. Mimi ni mmoja na wagonjwa kumi na wanane. Nikimpa, anatema. Anamtaka mama yake. Mama yake anajua?"

Nikageuka kuangalia makabati ya vitabu.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," akasema, akainuka kwenda kitanda kingine.

Nikamfuata Kifutio ofisini. Nikamwomba amwandikie mama wa Shoto, au aniruhusu mimi niandike.

"Nikimwandikia mmoja, lazima niwaandikie kumi na wanane," akasema. "Kesho yake barabara imejaa wazazi, na barabara ile si ya kupita mtu. Na barua yenyewe itarudishwa pamoja na gunia zima. Nenda zako, Karani."

Hakusema kwa ukali. Alisema akiangalia picha ndogo ya vijana wawili iliyokuwa mezani, na mimi nikaondoka nimekasirika, namwona hana moyo.

Wiki nzima niliwaza. Mistari lazima iwe sita, na maneno yawe yale yale. Zilikuwa zimebaki barua nne za Shoto sandukuni kwangu, zote zinasema uongo kwa mkono wake mwenyewe, na mama yake huko aliko ameridhika. Ndipo nikakumbuka kopo, na herufi zilizolala.

Jumapili nilinakili ubao mara mbili. Ya kwanza niliweka jina langu. Ya pili niliweka jina la Shoto, kwa mwandiko wangu mimi, uliosimama wima kama askari wa gwaride. Sikubadilisha hata nukta.

Kifutio alihesabu, akapiga muhuri, akahesabu, akapiga muhuri. Alipofika kwenye ile akasimama. Akaangalia jina. Akatafuta yangu kwenye rundo, akaziweka pamoja.

"Mwandiko mzuri," akasema, akapiga muhuri.

Mama yake Shoto alifika siku ya tisa, saa nne asubuhi, tukiwa uwanjani karibu na geti. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomdhania. Viatu alikuwa amevishika mkononi ili visiishe, na miguu ilikuwa na vumbi hadi magotini. Mlinzi wa geti alimzuia akamwambia wageni hawaruhusiwi. Mama akatoa barua mbili kifuani.

"Hii ni ya mwanangu," akasema. "Hii siyo."

Mlinzi akazisoma. "Mama, zote zinasema mzima."

"Karatasi inasema. Mimi naangalia mkono. Mwanangu anaandika kama mtu anayepandisha mlima na mzigo. Huyu alikuwa amekaa kwenye kiti. Niambie mwanangu yuko wapi, kama yu hai au hayupo, halafu ndiyo unifukuze."

Kifutio mwenyewe ndiye alikuja kumfungulia. Hakuuliza kitu. Alimwongoza hadi maktaba, akamvutia kiti.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Yule mama alikaa pale siku kumi na moja. Kijiko, anasubiri, kijiko. Shoto akitema anamfuta, anaanza upya, huku anamtania kwamba alipokuwa mchanga alikuwa mbishi hivyo hivyo na bado alishindwa. Akimaliza kwake anahamia kitanda cha jirani. Siku ya nne Shoto aliomba uji mwenyewe. Siku ya saba aliuliza ni nani anakaa golini, na alipoambiwa alitukana. Muuguzi akasema huyu sasa amepona.

Siku ya mwisho mama aliniita. Alikuwa anakoroga uji, na Shoto amelala.

"Ni wewe uliyeandika?"

"Ni mimi, mama. Nisamehe. Na zile tatu za kabla yake nilizituma mimi, akiwa tayari anaumwa."

"Najua. Ameshaniambia, mkasa wote wa golikipa." Alicheka kidogo. "Umenirudishia mtoto, mwanangu. Hayo mengine tumeyasahau. Wewe kwenu nani anaandika?"

"Baba," nikasema kwa majivuno, maana baba alikuwa na mwandiko wa kupendeza, wenye mikia. "Lakini siku hizi anaandika dada. Barua tatu za mwisho. Anasema sisi sote wazima, ila baba ana kazi nyingi."

Kijiko kikasimama kwenye kikombe.

Aliweka kikombe chini, akanishika mkono, mkono ule wa kuandikia, akaushika kwa muda mrefu kuliko shukrani inavyohitaji. Nikamwangalia usoni, na nikajua. Mimi niliyebuni ujanja ule, mimi Karani, nilikuwa nimeusoma ujanja huo huo mara tatu bila kuuona.

Jumapili iliyofuata sikunakili ubao. Nilikwenda mbele, nikamwomba Kifutio ruhusa ya kuandika ya kwangu. Aliniangalia, akachana karatasi kwenye daftari lake mwenyewe, akanipa kalamu yake. Niliandika mstari mmoja: Dada, mwambie baba aniandikie yeye mwenyewe, hata jina lake tu. Kifutio aliusoma. Mistari haikufika sita, lakini alipiga muhuri.

Jibu lilikuja baada ya wiki mbili. Shoto alikaa kando yangu kitandani, bega kwa bega, nilipokuwa naifungua. Ilikuwa barua ndefu, kurasa tatu nzima, na zote zilikuwa za mwandiko wa dada.