Mtetemo wa Bwana Nazmi

Kila alfajiri Sevim alimfunga mumewe vifungo vya koti, na kila alfajiri Nazmi, mwenye shamba, hakukosa la kusema. "Ilhan, na supu pia anakunywesha yeye?" Waliokuwa wakitandika nyavu chini ya mizeituni walicheka, maana asiyecheka hakuitwa kazini kesho yake. Vidole vya Ilhan vilikuwa vimekufa ganzi, vyeupe kama jibini, tangu alipokabidhiwa mashine ya kupukutishia zeituni: ufito mrefu wenye meno yanayotikisa matawi, na aliyeishika pia.

Basi akaja mpimaji kutoka mjini Edremit, dada mmoja aitwaye Nurcan, akafunga kidude cha kupimia mtetemo kwenye mpini. Ukizidi kiwango, Ilhan ataishika mashine saa mbili tu kwa siku. Sevim alimwomba Mungu uzidi. Nazmi naye, mjanja wa kujisifia, akamshindilia mgeni chai, glasi juu ya glasi, kisha akamvuta Ilhan kando.

"Usiguse tawi hata moja. Iache icheze hewani. Mashine isiyofanya kazi itatetemeka na nini?"

Ilhan, kwa upole wake wa kuudhi, akatii. Sevim alitamani kumzaba kofi.

Nurcan akatazama kipimo, akakunja uso. "Mh! Haya makubwa."

"Makubwa vipi, na haijagusa kitu?" Nazmi akaropoka.

"Ndiyo maana, bwana. Mti ungepokea sehemu yake. Hewani hakuna wa kupokea, mtetemo wote unamrudia aliyeishika."

"Basi iingize mtini! Ingiza, we bwege!"

Ilhan akaingiza. Kipimo kikashuka, lakini bado kilizidi. Saa mbili, akasema Nurcan, halafu apokelewe na mwingine.

Mwingine nani? Ghafla kila mtu akawa na mgongo unaouma.

"Wavivu wakubwa!" Nazmi akaipokonya mashine. "Hiki kitu cha kuchezea watoto! Tazameni wanaume wanavyofanya kazi."

Wakatazama. Alikomaa nayo mpaka jua likazama, kiburi hakikumruhusu kuitua. Baridi ilipoingia akalivaa koti lake, akaanza kupapasa kifungo cha kwanza. Akapapasa, akapapasa. Wapi! Watu waliuma midomo.

"Njoo, mjomba," Sevim akasema kwa sauti ya kusikika shamba zima. Akamfunga kimoja kimoja, bila haraka yoyote, mpaka cha shingoni.

"Na supu je, mjomba? Nikunyweshe?"