Bado ya Mchomeleaji

Chssss! Mfululizo, kama vitunguu kwenye mafuta ya moto. Mtu wa kazi hii hujua kwa sikio tu kama chuma kimeshikana, kabla hajanyanyua kioo cheusi usoni. Changu kilishikana. Nilivua kofia nikageuza bomba ili mgeni aone vizuri.

Mgeni alikuwa mkaguzi wa kiwanda cha meli kutoka ng'ambo. Kwao wachomeleaji wamezeeka na vijana hawaitaki kazi, ndiyo maana alikuja kutafuta watu wa kuunga mabomba ya meli. Nafasi ilibaki moja, na mjomba, mwenye karakana, alinipendekeza mimi.

"Usijibu kama unagombana," alininong'oneza.

"Kwani mimi hugombana, mjomba?"

"Hapo ulipo unagombana."

Mkaguzi alipitisha kidole kwenye mshono, akatabasamu, akauliza jambo. Mkalimani, dada mmoja mpole, akanigeukia: "Umewahi kupata ajali kazini?"

"Bado."

Akatafsiri. Tabasamu la mkaguzi likayeyuka. Akafunga kalamu.

"Kuna nini, dada?"

"Anasema kama bado, basi unaisubiri. Kwao mtu angejibu hapana."

Mjomba akajishika kichwa. "Umejifukuza kazi hata hujaajiriwa!"

Damu ilinichemka. Ningesema hapana, yakaisha. Lakini hiyo hapana sikuitaka.

"Mwambie hivi, dada, na usinipunguzie hata neno. Anayesema hapana anadhani ameshamalizana na moto. Mimi sijamalizana nao. Kila asubuhi nakagua nyaya, nafungua madirisha, nafunga mitungi ya gesi kwa minyororo, kwa sababu moto haujali mimi ni fundi wa miaka mingapi. Ndiyo maana nasema bado."

"Punguza sauti," mjomba akanong'ona.

Dada alitafsiri taratibu. Mkaguzi akatazama mitungi ukutani, akaenda kuvuta mnyororo kwa mkono wake. Haukulegea.

"Ba-do," akasema, akilionja neno. Mjomba akacheka kwa nguvu hadi mkaguzi naye akacheka. Kalamu ikafunguliwa.

"Amekuchukua," dada akasema. "Utakuwa kwenye kikosi chake mwenyewe. Ila anauliza, na siku ajali ikitokea?"

Nilivua glavu nikampa mkono mkaguzi.

"Ikitokea, iwe kosa langu au la mwenzangu, sitaificha. Nitazima mashine, na wewe utakuwa wa kwanza kusikia, tena kutoka kinywani mwangu."