Vyungu Visivyopewa Dawa

Henriette alitumbukiza kipande cha shina la kiazi kwenye glasi ya maji, akaisogeza mbele ya kitambaa cheusi, akaanza kuhesabu dakika. Shina likiwa na ugonjwa wa mnyauko, uzi mweupe hushuka kutoka mahali lilipokatwa, mwembamba kama maziwa yanayodondoka. Likiwa zima, maji hubaki maji.

Lilikuwa shina la chungu cha kumi na nne. Kwa hesabu zake, kiazi cha chungu hicho kilipaswa kuwa kimekwisha kufa.

Vyungu vyote ishirini vilikuwa katika kibanda cha plastiki nyuma ya maabara ndogo ya mtaa wa Ndosho alimofanya kazi. Vilikuwa na udongo mmoja, viazi vya aina moja, maji ya kipimo kimoja. Na vyote alivitia vijidudu vya mnyauko kwa mkono wake mwenyewe. Kumi aliviongezea unga wa majani aliotaka kujua kama unazuia ugonjwa. Kumi vingine hakuvipa kitu. Bila hivyo kumi, viazi vikipona, nani angejua kama vimeponywa na unga au na bahati?

Kisha alikwenda kwao Butembo, barabara ikafungwa, akakwama huko majuma matatu. Aliyebaki na vyungu ni Muzee Twagirayezu, mlinzi wa maabara, mkulima aliyekikimbia kijiji chake cha Kibumba wakati wa vita pamoja na mkewe, Nyiramahirwe, kisha akamzika kambini.

Leo asubuhi Henriette alikuta viazi vya vyungu visivyopewa dawa vimesimama vyote, majani mabichi. Alishangaa, akainama. Katika vyungu saba mashina yalikuwa mekundu. Viazi vyake yeye vina mashina ya kijani.

Alipomwita, muzee hakuficha neno. Alisema saba vilinyauka, naye akaving'oa na kwenda kuvitupa mbali, kama mkulima yeyote mwenye akili anavyofanya kabla ugonjwa haujapita kwa jirani. Hakutaka mama arudi akute vyungu vitupu. Akapanda vyake.

"Vyako ulivitoa wapi, papa?"

"Ni mbegu ya Nyiramahirwe. Siku ya kukimbia aliacha sufuria, akabeba mbegu. Zilibakia saba tu, na zilianza kuota ndani ya mufuko. Mimi sina shamba tena. Nikasema, huku kuna udongo muzuri."

Henriette alikaa juu ya ndoo. Akamweleza taratibu kwamba udongo ule haukuwa mzuri, kwamba ugonjwa aliuweka mwenyewe.

"Tangu utoto nalima viazi," alisema muzee, "sijaona bado mutu wa kulima ugonjwa."

Alicheka kidogo, kicheko cha adabu. Kisha akauliza jaribio ni nini hasa, maana neno hilo alilisikia kila siku na hakuna aliyemweleza.

"Ni kubadilisha kitu kimoja tu, papa. Vingine vyote vikae sawa. Halafu unangojea, bila kusaidia."

"Bila kusaidia," muzee alirudia.

Tangu mwanzo Henriette alimficha chungu kipi kina unga na kipi hakina, ili mkono wa muzee usipendelee upande. Hivyo ndivyo kazi inavyotaka. Lakini kazi haikumwomba amfiche kwamba udongo wote una ugonjwa. Hilo alilinyamazia kwa sababu hakufikiri kwamba mtu wa kumwagilia maji anahitaji kulijua. Miezi mitano ya jaribio ilikuwa imeharibika, naye alijua ataweza kuianza upya. Mbegu ya Nyiramahirwe haikuwa na pa kuanzia.

Ndiyo maana alikuwa anakata, ajue kama kuna hata mche mmoja ambao ugonjwa haujaufikia. Kila mche ulikuwa na mashina mawili au matatu, naye alikata moja, akafuta kisu kwa spiriti, akaenda kwa mwingine. Kumi na moja, uzi. Kumi na mbili, uzi. Kumi na tatu, uzi. Sasa, ndani ya glasi ya kumi na nne, kitu cheupe kilianza kushuka. Muzee alikuwa amesimama nyuma yake, kofia mkononi. Aliuona kabla yake.

Mwanga ulikuwa unapungua, na umeme haukuwapo. Bila mwanga, uzi mwembamba humpita mtu asiuone.

"Hizo tatu zenye kubakia," alisema muzee kwa sauti ndogo, "ziache mpaka kesho."

Henriette alifungua daftari. Aliandika kwamba jaribio limevunjika na limevunjikaje, pasipo kutaja jina la mtu. Chini yake akaandika kumi na sita, kumi na saba, kumi na tisa, na mbele ya kila namba akaacha mstari mtupu. Akakifungia kisu kabatini.

Muzee alikuwa bado mlangoni. Aliuliza kama anaruhusiwa kuzipa maji.

"Zipe, papa. Kipimo kilekile."