Kosa la Kukata Kurasa

Nchi ya Majigambo ilikuwa na ardhi njema, mvua ya kutosha na watu wenye vifua vipana. Upana huo haukutokana na chakula wala na kazi, bali na desturi ya kutanguliza kifua mbele kila mtu alipopita penye macho ya wenzake. Mji wake mkuu uliitwa Tambo, soko lake Makeke, na uwanja wa mikutano Nani Kama Mimi. Kusini ilipakana na nchi ya Chokochoko, na kati ya nchi hizo mbili ulipita Mto Gharika. Majigambo ilipigana na Chokochoko miezi kumi, ikashindwa, ikavuka mto kurudi kwake, ikatangaza ushindi na kujenga mnara.

Kwa sheria ya nchi ile, hakuna aliyeruhusiwa kukalia Kiti Kikuu ila mtu aliyetumika katika vita hivyo. Sharti hilo lingekuwa rahisi kuthibitisha kama daftari za jeshi zingekuwapo. Lakini zilihifadhiwa katika ghala la Idara ya Uzembe, na mchwa walizisoma zote kabla ya binadamu. Uliobaki ulikuwa ushahidi wa vitabu, na vitabu katika Majigambo vilikuwa na adabu zake.

Kitabu kilitoka kwa fundi kurasa zake zikiwa zimekunjwa na kingo zake zimeshikana, na aliyetaka kukisoma hakuwa na budi kuzikata kwa kisu. Lakini kukata kurasa kulihesabiwa utovu wa heshima. Aliyekata kitabu cha kambi yake alionekana ana shaka. Aliyekata kitabu cha kambi nyingine alionekana ana hiana. Raia mwema alikinunua kitabu, akakifuta vumbi, akakibeba kwapani siku za mikutano, akakiwekea mkono na kuapa. Kiapo kilichorudiwa siku arobaini kiligeuka kuwa kweli ya kisheria, na mgombea aliyeikana kweli hiyo alipoteza haki ya kugombea.

Mwaka wa saba baada ya vita walijitokeza wagombea wawili. Wa kwanza aliitwa Kishindo, mtu mfupi mwenye sauti nene, na wafuasi wake waliitwa Wangozi kwa sababu kitabu chao kilikuwa na jalada la ngozi. Wa pili aliitwa Madaha, mtu mrefu aliyevaa nishani mpaka kitandani, na wafuasi wake waliitwa Wakitani kwa sababu jalada lao lilikuwa la kitani. Kila kitabu kilisemekana kumsifu mwenye nacho kuwa ndiye aliyeongoza jeshi Mto Gharika, na kumdhihaki mpinzani wake kuwa hakufanya lolote. Ndugu waligombana harusini. Mwalimu mmoja alihama mtaa. Muuza samaki wa Makeke alikataa kumfungia Mkitani samaki wake, akamwambia, "Nenda kwa Madaha akuvulie!"

Katika mji huo aliishi mwanamke aitwaye Bi Ulizo, mpiga pasi wa sare za askari. Mumewe, Thabiti, alikwenda vitani na hakurudi. Kwa kuwa maiti yake haikuonekana, jina lake liliandikwa katika Ubao wa Watoro mbele ya boma. Hukumu ya ubao huo ilikuwa nzito kwa aliyebaki kuliko kwa aliyeondoka. Mke wa mtoro hakuruhusiwa kuweka matanga, kwa sababu mtoro huhesabiwa yu hai. Hakuruhusiwa kuolewa, kwa sababu ana mume. Wala hakuruhusiwa kumtaja mume huyo mbele za watu, kwa sababu ni aibu. Kwa miaka saba Bi Ulizo hakuwa mke wala mjane. Alikuwa hajalia, kwa kuwa kulia nako kulihitaji kibali.

Aliposikia kuwa vitabu vyote viwili vinaeleza siku ya Mto Gharika, alinunua cha ngozi kwanza, kisha cha kitani. Alijua kusoma kwa taabu, herufi kwa herufi, kwa kuwa alijifunza kutoka katika barua za mumewe. Alifunga mlango, akachukua kisu cha vitunguu, akakata. Ilimchukua siku tisa. Siku ya kumi alivaa nguo safi, akaenda bomani na vitabu vyake kuomba kibali cha matanga.

Karani wa boma aliviona vitabu, akaona kingo zake, akaruka kutoka kitini.

"Mama! Nani amevifanya hivi?"

"Mimi."

"Vyote viwili?"

"Kimoja kilikuwa na nusu tu ya ninachokitafuta, bwana."

Jioni ile ile alikamatwa kwa kosa la kukata kurasa, ambalo adhabu yake ilikuwa kufukuzwa nchini. Kesi yake ilitenda jambo ambalo miaka saba ya amani haikuweza kulitenda: Wangozi na Wakitani waliungana. Walikodi mshitaki mmoja, Bwana Ndimi, wakaketi baraza moja, wakakunja nyuso kwa namna moja. Kishindo na Madaha waliwekewa viti vya mbele. Mwamuzi alikuwa Hakimu Taratibu, mzee aliyefikiri polepole lakini aliyekuwa na tabia ya kufika mwisho wa fikira zake.

"Bi Ulizo," alisema Ndimi, "unakiri kwamba ulivitia kisu vitabu hivi vitukufu?"

"Nakiri. Kisu cha vitunguu."

"Ndiyo maana vinanuka!" alipaza mtu mmoja nyuma, na baraza likacheka.

"Nawe ulitafuta nini humo ambacho watu wazima wenye akili zao hawakukitafuta?"

"Namtafuta mume wangu."

"Katika kitabu?"

"Kwingine kote nimekwisha kwenda, bwana."

Kicheko kilipungua. Bi Ulizo alimgeukia hakimu, akasema kwa sauti ndogo iliyowalazimisha watu kunyamaza ili waisikie: "Mheshimiwa, nimeambiwa kuwa mshitakiwa ana haki ya kusomewa kielelezo cha kosa lake. Naomba visomwe mahali nilipotia kipande cha uzi."

Ndimi alipinga, akidai kuwa kusoma kielelezo ni kurudia kosa mbele ya hakimu. Taratibu alifikiri kwa muda mrefu, kisha akamwamuru karani aanze na cha ngozi. Wangozi walikaa sawa, vifua mbele.

Karani akasoma: "'Ama Kishindo, alipoyaona maji ya Gharika, miguu yake ilisahau kazi yake. Aliketi matopeni akashika mizizi ya mti. Akabebwa mgongoni kama mtoto wa kunyonya na askari mmoja mwenye sikio lililoungua, Thabiti wa Kikosi cha Nne, aliyemtua ng'ambo, akageuka, akarudi majini.'"

Pakawa ghasia. "Uzushi! Hayo ni maneno ya Wakitani!" walipiga kelele Wangozi.

"Jalada hili ni la nani?" aliuliza hakimu.

"Letu, Mheshimiwa, lakini…"

"Mmeliapia siku ngapi?"

Wakitani walicheka mpaka wengine wakashikilia mbavu. "Wabebeni na hawa, wamechoka!" alisema mmoja wao. Karani akafungua cha kitani.

"'Na Madaha je? Alilia kwamba jino linamuuma, na kwamba mtu mwenye jino bovu haogelei. Thabiti, askari mwenye sikio la kuungua, akitweta kwa mzigo aliotoka kuutua, akampakia Madaha begani na nishani zake. Alipomfikisha alikaa kitako, akawa anacheka. Kisha mpiga ngoma wetu akasikika akiita msaada kutoka upande wa adui. Thabiti akasimama, akaingia tena. Maji yalimfika kifuani, yakamfika kidevuni, na baada ya hapo hatukumwona tena.'"

Hakimu aliagiza aitwe fundi wa majalada, mzee aitwaye Sinzia.

"Fundi, nini kimetokea?"

"Nilipitiwa na usingizi, Mheshimiwa. Nilipoamka nilikuwa nimekwisha kuvisha ngozi kurasa za kitani na kitani kurasa za ngozi, na mzigo umekwenda sokoni. Siku ya kwanza niliogopa kuuawa. Siku ya kumi nikashangaa. Ilipofika siku ya arobaini, hakuna hata mtu mmoja aliyelalamika, nikaanza kuamini kwamba hakuna fundi kama mimi."

Taratibu aliweka kitabu kimoja juu ya kingine. "Sheria iko wazi," alisema. "Kila kambi imeapa kwa siku arobaini juu ya maneno haya, na maneno haya sasa ni kweli. Anayetaka kuyakana ayakane, na atoke katika uchaguzi. Bwana Madaha?"

Madaha alinong'onezana na Ndimi, akasimama. "Mheshimiwa, sikani wala sikubali. Naomba muda."

"Bwana Kishindo?"

Kishindo hakusimama. Alikuwa akitazama mikono yake. Ndipo Bi Ulizo alipoomba ruhusa ya kumsemesha, na hakimu akampa.

"Bwana Kishindo," alisema, "mimi sina haja na kiti chenu. Akae amtakaye Mungu. Na vitabu hivi viliandikwa kwa kukutukaneni nyinyi, si kwa kumtaja yeye. Labda waandishi walitia jina lolote tu. Lakini wewe kama ulikuwa mgongoni mwake, ulikuwa karibu naye kuliko mtu yeyote siku ile. Alisema nini?"

Wangozi walimwashiria Kishindo anyamaze. Mmoja alimvuta nguo. Kishindo aliuondoa mkono ule, na ile sauti yake nene ikatoka nyembamba.

"Aliniambia, 'Bwana, legeza mikono, unaninyonga.' Mimi nilikuwa nalia. Akasema, 'Na ukitaka kulia, lilia kwenye sikio hili lililoungua, halisikii vizuri.'"

Bi Ulizo alijiziba mdomo kwa kitambaa. Watu wa mbele walidhani ameanza kulia, lakini alikuwa akicheka, mabega yakimtikisika.

"Ndiye," alisema. "Ndiye hasa. Hata siku ya harusi yetu alimwambia shangazi yangu maneno kama hayo."

Hukumu ya Taratibu ilikuwa fupi. Jina la Thabiti lifutwe katika Ubao wa Watoro siku ile ile. Mshitakiwa aachiliwe, kwa kuwa aliyetafuta kweli mahali ambapo nchi nzima imeapa kuwa ipo hawezi kuitwa mkosaji. Na tangu siku hiyo, kiapo juu ya kitabu ambacho kurasa zake hazijakatwa kisipokewe katika baraza lolote.

Agizo hilo la mwisho liliwasumbua wengi. Visu vilipanda bei, na watu waliokuwa wakibishana tangu alfajiri mpaka magharibi walijikuta hawana la kusema kabla ya kufika ukurasa wa ishirini. Kishindo aliachwa na kambi yake kwa kosa la kubebwa, na Madaha akaachwa na uchaguzi, kwa sababu muda alioomba ulipokwisha, uchaguzi ulikuwa umepita. Kiti Kikuu kilikaa wazi miezi mitatu. Mvua ilinyesha kwa wakati wake, na mahindi hayakuona tofauti.

Matanga ya Thabiti yaliwekwa Ijumaa. Bi Ulizo alitandika mikeka ya kuazima, akapika wali aliodhani utatosha, na haukutosha, kwa kuwa walikuja watu ambao hakuwaalika. Walikuja Wangozi, wakakuta Wakitani wamekwisha kukaa; wakasimama mlangoni wakitafuta upande wao, na nyumba ya mpiga pasi haikuwa na pande mbili, ilikuwa chumba kimoja. Wakavua viatu, wakabanana. Kishindo alikuja peke yake, akaketi karibu na mlango na kupokea kahawa kwa mikono miwili.

Dua ilipokwisha, mtu akalitaja jina la marehemu kwa sauti, kama ilivyo desturi kwa wafu wengine wote. Hapo Bi Ulizo alilia. Alilia kilio cha miaka saba, kirefu na kisicho na aibu, mpaka kikasikika nje kwa wapita njia; na wapita njia wa Majigambo, ambao hawakuwahi kusikia sauti kubwa bila kuuliza ni ya kambi gani, walisimama barabarani, wasiulize.