Blauzi Ng'ambo ya Ukuta

Blauzi yangu ya kijani, niliyoifua kwa ajili ya kwenda kumwona profesa, ilinyakuliwa na upepo kwenye kamba, ikapaa juu ya ukuta na kutua kwa matajiri. Mimi mwenye blauzi nilikuwa nimeshafukuzwa getini kwao mara tatu.

Utafiti wangu ulihusu mitaa iliyozungushiwa kuta na jinsi inavyoukata mji vipandevipande. Profesa hakuwa na mchezo: nisipomhoji hata mkazi mmoja wa ndani kufikia Jumatatu, nibadilishe mada. Miaka miwili ya jasho ingekwenda na maji. Na ukuta wenyewe, jamani, uko nyuma ya jiko letu!

"Hodi huko!" nilipaza sauti. "Naomba blauzi yangu!"

Kutoka ng'ambo ikaja sauti ya mwanamke mtu mzima.

"Ya kijani? Imelikalia waridi langu kama mgeni rasmi. Wewe ndiye unayeimba ukiosha vyombo?"

Niliona haya. "Ndiye mimi. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unaimba vibaya, mwanangu, ila ukinyamaza nakosa raha. Mama yako kikohozi kimepona?"

Dodoso langu lilijaa maswali ya kipato, kamera na walinzi. Hakuna hata moja lililouliza: mnasikia nini kutoka kwetu?

Mama yangu alitoka jikoni, mikono ikichuruzika maji. "Unaongea na nani?"

"Na jirani."

"Jirani gani? Hapo si ukuta?"

"Nakuulizia kikohozi, mama mwenzangu!" sauti ilidakia.

Mama alishtuka, kisha akacheka. "Kimepona, nashukuru. Na yule mbwa wenu mzee, mbona simsikii?"

"Alikufa."

"Pole, dada. Nilihisi tu, kimya kile hakikuwa cha kawaida."

Nilitaka kurukaruka pale uani kama mtoto. Maswali mapya yalinijia mbio, yakisukumana.

"Zunguka getini, mwanangu," ilisema sauti. "Nitamwambia mlinzi akufungulie."

Maneno hayo niliyaota miaka miwili. Ajabu, miguu haikunyanyuka.

"Nitakuja, mama. Lakini kwanza naomba nikuhoji hapohapo ulipo, unapotusikia. Usiondoke!"

Nilikimbilia ndani kutafuta kalamu. Niliporudi, mama alikuwa ameshapindua ndoo na kuikalia, sikio ukutani. Upande wa pili, kiti kilikuwa kinaburutwa kuja kwetu.