Kazini Napuliza, Nyumbani Navuta

Mume wangu alikuwa mpiga rangi za magari. Gari likishagongwa, likanyooshwa bodi na kupigwa msasa, lilifika kwake mwisho. Aliingia nalo kwenye chumba cha mabati, akafunga mlango ili vumbi lisiingie, akajifunga leso yangu ya zamani puani, akaanza kupuliza. Jioni alirudi na rangi kwenye kope. Nilijua wamemaliza gari la namna gani kabla hajasema neno.

Akishaoga alichukua harmonika yake, kinanda kidogo cha mdomo. Alipiga bluzi, muziki wa polepole wa watu waliochoka, aliojifunza kwa kusikiliza redio tangu yuko shule. Ni yeye aliyenifundisha kwamba harmonika ya bluzi haipulizwi, inavutwa. Ukipuliza inatoa sauti safi, ya kitoto. Ukivuta hewa ndani ndipo noti inapopinda na kulia kama mtu. Kutokana na hilo akatunga utani wake, akausema kila alipokwenda, hata mbele ya wazazi wangu siku ya posa: "Mimi kazini napuliza, nyumbani navuta." Wasiomjua hawakuelewa, na hapo ndipo palipomfurahisha.

Kifua kilipoanza kumbana tulikwenda kwa daktari. Foleni ilikuwa imetoka hadi uani, na daktari alikuwa akiuliza huku macho yakiwa mezani.

"Unakohoa usiku? Unatoa damu? Unavuta?"

Mume wangu akagonga mfuko wa shati, ilimokaa harmonika. "Kazini napuliza, daktari, nyumbani navuta."

Daktari akautazama ule mfuko uliotuna. Hakucheka. "Acha kuvuta. Kuanzia leo. Hicho ndicho kinachokumaliza."

Tulipokaribia nyumbani mume wangu akasema, "Yule bwana anajua kazi yake. Kweli, kuvuta kunatumia kifua sana." Hata mimi niliona ni hivyo. Akaitia harmonika ndani ya soksi, akaiweka juu ya kabati. Asubuhi akaenda kazini kama kawaida.

Msimu mzima wa mvua nyumba yetu haikuwa na muziki. Alikunywa dawa ya kikohozi, akalala akiwa amekaa, akaenda kupuliza rangi, akarudi. Kifua hakikupona. Siku moja alipanda kwenye kiti, akaishusha ile soksi. "Kama ni kufa, nitakufa nayo mdomoni," akasema, na mimi sikumzuia.

Lakini sauti ilikuwa imepungua. Alikuwa na wenzake waliopiga pamoja kila Jumamosi mchana katika ukumbi ulio nyuma ya mtaa wetu. Kiongozi wao alikuwa mpiga gita tuliyemwita Babu Nyuzi, ingawa hakuwa na mvi hata moja. Siku moja baada ya mazoezi alimshika mume wangu bega.

"Ndugu yangu, siku hizi tunakuona tu, hatukusikii. Umekuwa sinema bubu."

Wote wakacheka. Mume wangu naye akacheka mpaka kicheko kikageuka kikohozi.

"Sikutanii," Babu Nyuzi akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Jumamosi hii watu watajaa. Tafuta spika yako mwenyewe, inayokufaa. Usiposikika itabidi nimwite mtu wa filimbi. Usije ukanichukia."

"Nitaichukia filimbi," mume wangu akajibu.

Basi tukaenda kwa fundi wa spika. Alitaka nifuatane naye kwa sababu, alisema, anayepiga hawezi kujisikia. Anahitaji sikio la pembeni. Nilikuwa sijamwona na furaha kama ile tangu mvua zilipoanza. Alikuwa amenyoa ndevu.

Duka la fundi lilikuwa jembamba, spika zimepangwa hadi darini, nyingine zimefunguliwa migongo, waya nje. Fundi mwenyewe hakufunga mdomo.

"Karibu kaka, karibu shemeji! Harmonika? Ya kwaya au ya kilio?"

"Ya kilio."

"Basi hizo mpya zinazong'aa usiziguse. Hizo zinasema ukweli mtupu, na harmonika ikisemwa ukweli inalia kama mbu. Wewe unataka ya zamani, yenye taa za kioo ndani. Unaiwasha, unaisubiri ipate moto, kisha inakukwaruzia sauti vizuri. Na maiki je?"

"Sina."

Fundi akachakura ndani ya sanduku, akatoa maiki ya duara kama nusu ya chungwa, iliyotoka kwenye simu ya upepo ya zamani. Akaiweka kiganjani mwa mume wangu pamoja na harmonika, akamfunga vidole. "Ifumbate kama kifaranga. Kisitoroke, kisife."

Spika ya kwanza ilikuwa ndogo mno. Ilisikika kama mtu anayelia ndani ya debe. Ya pili ilikuwa na nguvu, lakini kila alipofungua mikono kidogo ilipiga yowe mpaka tukaziba masikio. "Huyo ana wivu," fundi akasema, akaizima. Ya tatu ilikuwa sanduku la mbao lenye kitambaa kilichochakaa mbele. Tuliisubiri ipate moto. Mume wangu akavuta noti moja, ndefu, na noti ikajaa duka lote. Mwanamke aliyekuwa akipita na ndoo akasimama mlangoni. Mume wangu akanitazama juu ya mikono yake, macho yakicheka.

Kisha akanyamaza ili apumzike, na katika ule ukimya spika ikaendelea. Fiii. Ikapotea. Fiii.

"Ngoja," fundi akasema. "Kuna waya unaovuja."

Akabadilisha waya. Fiii. Akabadilisha maiki. Akahamisha plagi mbali na feni, akafungua mgongo wa sanduku, akagusa hapa na pale kwa bisibisi. "Hii nimeitengeneza kwa mkono wangu, haina tabia hii. Shemeji, hebu sikiliza. Si kama gurudumu linalotoa upepo?"

"Nasikia," nikasema.

Nilikuwa nimeshaijua. Ndiyo sauti niliyolala nayo ubavuni kila usiku. Fundi alikuwa ameshachomeka chuma cha kuyeyushia risasi ya kuungia waya, kinaanza kutoa moshi, naye ameinama kweli kweli. Mume wangu akaipeleka maiki mbali na mdomo. Kimya. Akairudisha. Fiii.

"Fundi, usihangaike," akasema. "Ni mimi."

Fundi akacheka, akidhani ni mzaha. Alipoona hatucheki, akakiweka kile chuma mezani, akajifuta mikono. Kisha akainua vidole viwili mpaka midomoni, taratibu, kama mtu anayeuliza jambo la aibu.

"Kaka, unavuta?"

Mume wangu akatabasamu, kwa mazoea. "Kazini napu—"

Hakumaliza. Alivitazama vile vidole viwili. Alivitazama muda mrefu, mpaka fundi akavishusha.

"Alikuwa anauliza sigara," akasema. Alikuwa akiniambia mimi. "Yule daktari. Alikuwa anauliza sigara."

Nikakaa juu ya spika iliyokuwa karibu.

"Maishani mwangu sijawahi kuvuta sigara hata moja."

"Basi ni vizuri, kaka," fundi akasema. Maskini, hakujua anajibu nini.

"Na hakuniuliza napuliza nini."

Feni ilikuwa ikizunguka. Mwanamke wa ndoo alikuwa ameshaondoka.

Baadaye mume wangu akauliza, kwa sauti ya mteja wa kawaida, kama ule mluzi unaweza kuondolewa. Fundi akashika kitufe cha sauti nyembamba, akakirudisha chini. Mluzi ukaisha. Mume wangu akapiga, na harmonika ikatoka kama imefunikwa blanketi katika nyumba ya pili.

"Sauti hizi mbili zinakaa sehemu moja," fundi akasema. "Nikimkata huyu, namkata na yule. Lakini ukumbini kuna kelele, kaka. Chukua hivi hivi ikiwa wazi. Hakuna atakayesikia."

"Mimi nitasikia."

Hata hivyo mume wangu akamwambia fundi afungue sauti yote. Akavuta noti ya chini, ile inayohitaji kifua kizima ili ipinde. Haikupinda. Akavuta tena, na kikohozi kikamshika akiwa bado ameifumbata maiki. Spika ikakohoa. Duka zima likakohoa, spika zilizofunguliwa zikatetemeka rafuni, na nje watu wakageuka kutazama. Fundi aliruka kuizima, akaangusha kiti.

Mume wangu akaipangusa maiki kwa mkono wa shati, akaiweka mezani.

"Mwambie Babu Nyuzi amwite mtu wa filimbi," akaniambia.

"Kaka, ichukue tu, ukajaribu nyumbani."

"Nyumbani nani asiyenisikia?"

Kabla ya Jumamosi tulikwenda kwa daktari mwingine. Huyu aliuliza kazi kwanza. Alipoambiwa, aliitazama picha ya kifua mara moja tu, akasema mapafu yameliwa na rangi, nayo ilipaswa kuachwa zamani. Sasa alichoweza kutoa ni dawa ya kumpunguzia taabu.

Jumamosi mchana muziki ulianza ukumbini. Mume wangu alikuwa kitandani, ameegemea mito, na mimi nilikaa kando yake. Filimbi iliingia mahali pale pale alipokuwa akiingia yeye.

"Anajua," akasema.

"Eeh, anajua."

Alisikiliza nyimbo mbili. Ya tatu ilipoanza akaniomba nifunge dirisha. Nililifunga. Chumba kikabaki na ule mluzi wake tu, kisha nao ukakatika, na nilipogeuka nikaona amekaza midomo, mishipa ya shingo imesimama. Alikuwa ameizuia pumzi ili nisimsikie.