Kurasa za Mwisho za Mnyonya Damu

Kitabu kile nilikipata Jinja, mwaka wa themanini, kwa mwuza karanga aitwaye Nangobi. Alikuwa akichana kurasa zake kufungia karanga. Vita vya kumng'oa dikteta vilikuwa vimekwisha mwaka mmoja tu, nami nilikuwa nimempeleka mke wangu Shifa kwao Wanyange, karibu na hapo, kuwasalimia wazee. Miaka mingi sikuwa nimeshika kitabu, halafu namwona mtu anamkabidhi mteja ukurasa wa arobaini umejaa chumvi! Nilifoka. Nangobi akaniuliza kama nataka za kukaanga au mbichi. Nikamwambia nataka kitabu.

Kilikuwa kinene kama tofali, cha Kiingereza, juu ya bwana mmoja mwenye ngome milimani, aliyekufa miaka mia tatu iliyopita ila hataki kulala. Anakunywa damu ya watu. Ndani mna vita vya wafalme wa huko, mna mashamba ya mizabibu, na zaidi ya yote mna ukungu. Mwandishi yule hawezi kumfikisha mtu mlangoni bila kumpitisha kwanza katika kurasa sita za ukungu.

Mimi ni fundi cherehani hapa Mbale, na kibaraza changu kinatazama mlima Wanale. Siku zile kazi ilikuwa haba: kitambaa hakuna, uzi hakuna, nami nilikuwa nageuza kola za mashati kuukuu. Basi kila alasiri baada ya sala nikawa nasoma kwa sauti, nikigeuza Kiswahili papo hapo. Wasikilizaji walianza wawili, wakafika kumi na wawili. Alikuwako Gidudu wa spea za baiskeli, ambaye haimpiti wiki bila kutukumbusha jinsi alivyosimama mbele ya kisu cha imbalu, siku ya kutahiriwa, bila kupepesa jicho. Alikuwako mama Nabifo na beseni lake la malewa, yale machipukizi ya mianzi wanayoyashusha kutoka mlimani. Na alikuwako afande Opio, askari wa magereza kutoka kaskazini. Mwanzoni watu walimkwepa kwa sababu ya ile sare, mpaka walipogundua kwamba ukungu ukianza, mwoga kuliko wote ni yeye.

"Huyo mutu iko na mishumaa arobaini," Nabifo alilalamika. "Natoa wapi? Sisi mafuta ya taa hapana."

"Na shati yake nyeupe kila siku," akasema Gidudu. "Sabuni?"

Siku moja nikafika mahali ambapo mnyonya damu hawezi kuingia nyumba ya mtu mpaka akaribishwe. Kibaraza kizima kiliangua kicheko. "Huyo iko na adabu," alisema Gidudu. "Ile yetu hapana piga hodi." Kila mmoja wetu alikuwa na mtu aliyechukuliwa mlangoni na askari miaka ile ya udikteta. Opio akaangalia viatu vyake. "Soma, Faraj," akasema, nami nikasoma.

Shifa hakukipenda kitabu. Alisoma Jinja hadi darasa la saba na Kiingereza alikijua, lakini alikuwa na mimba ya pili na shughuli zake. Akipika nyuma ya pazia alisikia kila neno. "Baba Asadu," alikuwa akisema, "huyo maiti wako anakula kila siku. Sisi nyama tumekula lini?"

Mwezi wa tano wa kusoma nikagundua balaa. Baada ya ukurasa wa mia tano na themanini palikuwa na uzi na gundi tu. Mwisho haukuwepo! Nikamlaani Nangobi na ukoo wake wote hadi ng'ambo ya Nile. Wasikilizaji sikuwaambia kitu. Nilifanya ambalo angelifanya mtu yeyote anayejali heshima yake: niliongeza ukungu.

Ukungu ulikuwa katika siku yake ya tisa Shifa aliposhikwa na uchungu. Mtoto alizaliwa hospitalini salama, msichana, mwenye sauti ya mwadhini. Lakini mama yake alitokwa na damu nyingi, na hata ilipokatika, midomo yake ilibaki rangi ya majivu. Sista Margret aliniita pembeni. Damu ya akiba haikuwepo. Wakati ule mgonjwa aliongezewa damu ya jamaa zake. Zilitakiwa chupa mbili, kabla ya jioni.

Nilikunja mkono wa shati. Nikapimwa. Damu yangu na ya Shifa hazikupatana. Na ndugu zake wote wako Wanyange, na barabara ya Jinja ilikuwa na vizuizi vya jeshi vya kumla mtu siku nzima.

Nikakimbilia kibarazani. Walikuwa wamekwisha keti, wanangoja ukungu. Nikawaeleza, na hakuna aliyenyanyuka.

"Faraj, ni wewe nafundisha sisi," alisema Nabifo kwa upole. "Damu ikitoka kidogo, yule nakuja kutaka ingine."

Gidudu akasema babu yake alimwambia kwamba enzi za Waingereza wazimamoto walipita na gari jekundu wakiwanyonya watu damu, na kwamba yeye alidhani ni hadithi ya kutishia watoto mpaka aliposikia kitabu changu. Miezi mitano nilikuwa nimejisifu kwamba naelimisha watu! Nilitaka kujizaba kibao, kisha niwazabe na wao. Mke wangu anakufa kwa sababu mimi nasoma vizuri.

Hasira ndiyo iliyonipa akili. Nikakitwaa kitabu mezani.

"Leo ni mwisho," nikasema. "Leo mnyonya damu anakwisha. Na mwisho unasomwa hospitalini, chumba cha kutolea damu. Asiyekubali kupimwa hasikii, wala sitarudia kwa mtu."

Nikaondoka bila kugeuka. Nyuma yangu nikasikia beseni la malewa linafunikwa.

Walikuja wanane. Sista Margret akawapima, na waliofaa wakawa wawili tu, Opio na Gidudu. Gidudu akaanza kueleza habari ya mteja anayemngoja dukani.

"Wewe nasimama mbele ya kisu," Nabifo akamkatiza, "sasa nakimbia sindano?"

Mwaka ule ulikuwa wa imbalu, na vijana wa kutahiriwa walikuwa wakipita na ngoma mjini. Maneno yale yakamchoma. Akalikataa benchi. Kwao, alisema, mwanamume hatoi damu amekaa. Akasimama katikati ya chumba, kifua mbele, mkono ameunyoosha, macho yake kwenye mlima Wanale dirishani. Sista Margret akamwamuru akae, akamwamuru tena, akaona muda unakwenda, akapiga magoti sakafuni na chupa yake. Nabifo akapiga vigelegele. Gidudu hakupepesa. Chupa ilipojaa alisema, "Mumeona?" na akaanguka kama gunia, Opio akamdaka.

Ikawa zamu ya Opio mwenyewe. Alijilaza akafumba macho. "Soma sasa," akasema.

Nikafungua kitabu kwenye uzi na gundi. Nikasema kwamba bwana wa ngome alirudi nyumbani akamkuta mwanamke aliyempikia na kumfulia miaka yote yuko kitandani, anakufa. Hakuna damu ya kumwokoa katika nchi ile, kwa kuwa yeye ameimaliza yote. Basi akavua koti lake, akaketi kando yake, akanyoosha mkono. Nilikuwa nalia mbele za watu.

"Faraj," akasema Opio, jicho moja wazi, "hiyo page hapana kitu. Mimi naona uzi."

Chumba kizima kikanitazama.

"Lakini damu yake," akauliza, "natosha?"

"Sijui, afande."

"Basi soma mpaka unajua."

Nikausoma uzi ule mpaka chupa ikajaa.

Asubuhi yake midomo ya Shifa ilikuwa midomo tena. Alikunywa uji akalalamika kwamba hauna sukari, kana kwamba mji mzima ulikuwa na sukari. Nikamweleza yote, nikamalizia kwa kumlaani Nangobi na karanga zake.

"Mwache mama wa watu," alisema. "Kurasa zile nilizichana mimi. Wiki ile ya mvua, makaa yamelowa, na wewe unapiga kelele unataka chai. Niliwashia sigiri."

Nilisimama. Nikafoka mpaka Sista Margret akaja kuchungulia. Umewasha sigiri na mwisho! Siku tisa nimewalisha watu ukungu! Nilimwambia maneno ambayo sijamwambia tangu tuoane, naye akanitazama tu, na jasho kidogo puani, yuko hai, anangoja nimalize. Sijapata kuifurahia hasira maishani kama niliyokuwa nayo asubuhi ile.

Nilipoishiwa pumzi nikakaa. "Angalau ulizisoma kwanza?"

"Nilisoma mmoja."

"Iliishaje?"

Shifa akamhamishia mtoto titi la pili.

"Sijui, Baba Asadu," akasema. "Maji yalichemka."